Renjifainda au SLR? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kamera za Kufokasi kwa Mkono

Tofauti yenyewe hasa ni ipi?

SLR (single-lens reflex, kamera ya lenzi moja yenye kioo ndani) inakuonyesha kile ambacho lenzi inakiona. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Kinarusha taswira juu kwenye skrini yenye ukungu, halafu prizimu inaigeuza ili uione ikiwa wima, kulia kukiwa kulia. Ukizungusha pete ya lenzi unaona uso wa mtu ukitoka kwenye ukungu hadi kope zikahesabika. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu) inafunguka na kufunga, kioo kinarudi. Ule mlio unaowafanya watu wageuke sehemu kubwa ni wa kioo.

Renjifainda (rangefinder, kamera yenye kipima umbali) haipitii kwenye lenzi kabisa. Unachungulia kwenye dirisha lililo pembeni, ambamo kila kitu ni kikali muda wote, cha karibu na cha mbali, hata kama hujagusa pete. Katikati kuna kiraka kidogo, mara nyingi cha rangi ya njano, chenye taswira ya pili inayoingia kupitia kidirisha kingine sentimita chache kando. Ukizungusha pete, taswira hiyo inatembea kushoto na kulia. Nguzo moja ya umeme unaiona mbili; zikikutana zikawa moja, fokasi iko hapo.

Kwa hiyo SLR inakuonyesha fokasi, na renjifainda inakupimia umbali. Karibu kila ubishi utakaosikia kuhusu kamera hizi unatokana na jambo hilo moja.

Nataka kamera yangu ya kwanza ya filamu. Ninunue ipi?

SLR yenye lenzi ya 50mm (huo ni urefu wa lenzi: namba kubwa huvuta vitu karibu, ndogo huona eneo pana). Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, Nikon FM, Olympus OM-1, hata Zenit ya Kirusi yenye lenzi yake ya Helios ukiipata iliyo nzima. Sisemi hivyo kwa sababu renjifainda ni ngumu kuitumia. Ninasema hivyo kwa sababu SLR ikiharibika fokasi, mara nyingi utagundua mwenyewe mapema, lakini renjifainda ikiharibika inaendelea kukuonyesha dirisha safi la kupendeza huku ikikudanganya.

Hilo nimelilipia. Niliwahi kupiga harusi ya binamu yangu kwa renjifainda iliyokuwa imegongwa kwenye daladala siku mbili kabla. Kiraka kilikuwa kinakutana vizuri kabisa. Picha 36 ziliposafishwa, masikio ya bibi harusi yalikuwa makali kama wembe, hereni unaweza kuhesabu vito vyake, na macho yalikuwa ukungu. Binamu alisema hereni zimependeza.

Ipi inafokasi kwa usahihi zaidi?

Hapa ndipo watu hubishana bure, kwa sababu jibu linabadilika na lenzi.

Usahihi wa renjifainda haubadiliki ukibadili lenzi. Unatokana na vitu viwili: umbali kati ya madirisha yake mawili, na kiasi ambacho dirisha la kuchungulia linakuza au kupunguza kile unachokiona. Zidisha namba hizo mbili. Leica M ya kawaida, renjifainda ya Kijerumani, ina umbali wa milimita 69.25 na ukuzaji wa 0.72, kwa hiyo unapata karibu milimita 50. Leica M3 ya 1954 ina ukuzaji wa 0.91 na umbali wa milimita 68.5, unapata kama 62. Ndiyo maana hadi leo M3 inasifiwa na wanaotumia 50mm na 90mm. Renjifainda ndogo za bei nafuu zina madirisha yaliyosogeleana zaidi, na hata hivyo zinatosha, kwa sababu lenzi zake ni za 40mm au 45mm zisizong'olewa.

SLR ni kinyume chake. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokuza taswira kwenye skrini, na ndivyo jicho linavyoona kwa urahisi kwamba kitu kimetoka kwenye ukungu. Ukiweka 135mm, uso unajaa skrini na fokasi inaruka kama samaki: ipo, haipo. Ukiweka 28mm, watu wanakuwa wadogo kama punje za mchele, kila kitu kinaonekana kikali, unazungusha pete huku na huku huoni tofauti. Tofauti ipo, utaiona kwenye picha iliyooshwa kwa ukubwa.

Basi kuanzia 21mm hadi 50mm ninaiamini renjifainda zaidi. Kuanzia 85mm kwenda juu ninaiamini SLR. Leica wenyewe walipotengeneza lenzi ya 135mm yenye f/2.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kwa ajili ya renjifainda zao, iliwabidi waiwekee miwani mbele ya madirisha ili ikuze taswira mara moja na nusu. Ni kifaa kizito, cha ajabu kukitazama, na ni ushahidi kwamba mtambo ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake.

Ukitaka kujua usahihi unaohitajika ni kiasi gani, chukua lenzi ya 85mm kwa f/1.8, simama mita mbili kutoka kwa mtu. Eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Lenzi ya 50mm kwa f/1.4, mita moja: kama sentimita 3. Mtu akivuta pumzi na kuyumba kidogo, jicho limetoka. Kwa vipimo hivyo hakuna kamera ya mkono isiyokosea. Piga picha tatu badala ya moja.

Mbona katikati ya dirisha la SLR yangu kuna duara lililogawanyika, na wakati mwingine nusu yake ni nyeusi?

Hizo ni prizimu mbili ndogo zilizokatwa kinyume. Kitu kisipokuwa kwenye fokasi, mstari unakatika: nusu ya juu ya mlango inahama kushoto, ya chini inahama kulia. Kufokasi ni kuunganisha mlango. Kwa hiyo SLR nyingi zina kijirenjifainda chao ndani.

Weusi unakuja lenzi ikiwa na tundu dogo. Kwenye skrini nyingi za zamani, ukivaa zumu ya f/4 au f/5.6 nusu moja inazimika, hasa jicho lako likihama kidogo. Si ubovu. Tumia ile pete ya vidoa vinavyometameta inayozunguka duara, au skrini yenyewe ya ukungu pembeni.

Gizani je? Ukumbini, kwenye taarabu, chumba chenye taa moja?

Renjifainda, bila kusita, kama unatumia 35mm au 50mm. Dirisha lake lina mwanga uleule, uwe na lenzi ya f/1.4 au ya f/4. Kiraka kinataka tu kitu chenye ukingo wa kusimama: kona ya mlango, mshipi wa gitaa, ukingo wa kola nyeupe kwenye shingo. Usikiweke kwenye shavu, shavu halina mstari. Na kwa kuwa hakuna kioo kinachoruka, mkono uliotulia unaweza kushika kasi ya 1/15 ya sekunde na picha ikatoka.

SLR yenye 50mm f/1.4 nayo inafanya kazi vizuri ukumbini, nisiionee. Yenye zumu ya f/4 ni mateso.

Angalizo kwa renjifainda zilizozeeka: kile kioo cha ndani chenye kupitisha mwanga nusu kinafifia, na kiraka kinakuwa hafifu kama doa la chai. Kuna ujanja wa mafundi. Kata kipande kidogo cha tepu nyeusi, ukubwa wa kiraka, ukibandike nje, katikati ya dirisha kubwa la mbele. Taswira ya kwanza inazibwa pale katikati na ya pili inabaki peke yake, inayoonekana. Haipendezi, lakini inasaidia.

Na jua la mchana?

Swali hili watu wa nchi za baridi hawaulizi sana, na sisi tunapaswa kuanza nalo. Filamu ya ISO 400 (namba ya jinsi filamu inavyohisi mwanga) chini ya jua la saa sita inataka karibu 1/500 kwa f/16. Sasa angalia Canonet QL17 GIII ya Canon au Yashica Electro 35, renjifainda mbili zinazopendwa sana na wanaoanza. Zote zina lenzi ya f/1.7, na zote mwisho wa kasi yake ni 1/500. Maana yake mchana umebanwa kwenye f/16, kila kitu kikali kuanzia kidole gumba hadi minazi, na ile f/1.7 iliyokufanya uinunue inasubiri magharibi. Pentax K1000 na Leica M6 zinafika 1/1000, unapata f/11. Nikon FM2 ya 1982 inafika 1/4000, unashuka hadi f/5.6. Dawa rahisi ni filamu ya ISO 100, au kichujio cha kijivu mbele ya lenzi. Ila ukitumia kichujio, kumbuka kwenye SLR dirisha nalo linakuwa giza. Kwenye renjifainda halibadiliki.

Lakini hizo hizo Canonet zina kitu ambacho FM2 haina. Shata yao imo ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi inakubali kasi yoyote, hadi 1/500. Mtu amesimama juani, kivuli cha kofia kimemeza macho yake: weka 1/500, f/8, ISO 100, flashi kidogo, macho yanarudi. K1000 inakubali flashi hadi 1/60 tu, na kwa jua hilo 1/60 inakusukuma hadi f/22. Flashi ndogo haifiki huko.

Kwa picha za mtaani na sokoni?

Wengi hawafokasi kabisa, wawe na kamera ipi. Weka 35mm kwa f/8, pete kwenye mita 3, na kila kitu kuanzia kama mita 1.9 hadi mita 7 kinatoka vizuri. Baada ya hapo ni miguu na macho. Kinachotofautiana ni vile unavyoona. Dirisha la renjifainda linaonyesha zaidi ya fremu: mistari inakuonyesha picha itaishia wapi, na nje ya mistari unamwona mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa kabla hajaingia. Kwenye SLR anatokea ghafla. Tena, sekunde ile unayopiga, kioo cha SLR kimepanda na dirisha limezimika. Picha uliyoiona ni ile ya kabla yake. Kwenye renjifainda unamwona akipepesa.

Ukimya wake nao unasaidia, ingawa unatiwa chumvi. Sokoni hakuna anayesikia shata. Msikitini, kanisani au msibani ndiko utaona faida yake, na huko omba ruhusa kwanza.

Watoto wanaokimbia, mpira, ngoma?

SLR yenye lenzi ndefu. Ukiwa na renjifainda, acha kuwafukuza. Fokasi mahali, kama mstari wa goli au ngazi ya tatu, ngoja wafike.

Navaa miwani.

Basi jaribu kabla ya kulipa. Kwenye Leica ya 0.72 wengi wetu tunaovaa miwani hatuoni mistari ya 28mm mpaka tuzungushe jicho kama tunachungulia tundu la ufunguo, na baadhi hata 35mm inawasumbua. Kwa 50mm hakuna shida. M3 haina mistari ya 35mm kabisa, inaanzia 50mm. Kwenye SLR, OM-1 ina dirisha kubwa ajabu kwa mwili mdogo vile, ukuzaji wa 0.92 kwa lenzi ya 50mm, lakini ukubwa huohuo unafanya kona zikimbie ukivaa miwani. Pia angalia pete ya chuma kwenye tundu la kuchungulia. Kama haina mpira, itachora miwani yako ndani ya wiki moja.

Nikitaka kusogea karibu?

Usihangaike na renjifainda. Leica M nyingi zinaishia mita 0.7, Canonet na Electro mita 0.8. Lenzi ya kawaida ya 50mm ya SLR inafika mita 0.45, na ukiongeza pete za kurefusha unapiga jicho la nzi. Zaidi ya hapo, dirisha la renjifainda liko juu na kando ya lenzi, kwa hiyo kadiri unavyokaribia ndivyo kile dirisha linachoona na kile lenzi inachoona vinavyotofautiana. Kamera nzuri zinasogeza mistari zenyewe unapofokasi. Za bei nafuu kabisa hazisogezi, na ndipo babu anapotoka bila kofia.

Kama renjifainda ina sifa zote hizo, mbona SLR ilishinda?

Kwa sababu matatizo ya SLR yalitatuliwa moja baada ya jingine, na ya renjifainda ni ya maumbile.

Leica ya kwanza ya 1925 haikuwa hata na renjifainda ndani. Ulikadiria umbali kwa jicho. Mtambo uliounganishwa na lenzi ulikuja 1932, kwa Leica II na Contax I. SLR za filamu ya 35mm za wakati huo zilikuwa adhabu. Kine Exakta ya 1936, kutoka Dresden, uliichungulia kutoka juu, imeshikwa kifuani, na kushoto kulikuwa kulia. Ukishapiga, kioo kilibaki juu na huoni kitu hadi uvute filamu. Contax S ya 1949 ikaleta prizimu ya kutazama mbele sawasawa. Asahiflex IIb ya Japani, 1954, kioo chake kikawa kinarudi chenyewe. Mwaka huohuo Leica wakatoa M3, renjifainda nzuri kuliko zote zilizotangulia, na inasemekana ubora wake uliwasukuma Wajapani kutafuta njia nyingine badala ya kushindana nayo.

Njia hiyo ilikuwa Nikon F ya 1959. Walichukua mwili wa renjifainda yao ya SP wa 1957, wakauwekea kisanduku cha kioo katikati, wakazungushia lenzi za kila urefu. Mwandishi wa habari aliyehitaji 200mm uwanjani na 24mm ndani ya gari akawa anabeba kamera ya aina moja. Katikati ya miaka ya 1960 hata Leica walikuwa na SLR yao, Leicaflex.

Nikaguaje kamera ya mtumba?

Renjifainda kwanza, kwa kuwa ndiyo inayodanganya. Zungusha pete hadi mwisho, kwenye alama ya mbali kabisa, kisha tazama kitu kilicho mbali kweli. Mimi nasubiri usiku natumia taa nyekundu ya mnara wa simu, au mwezi. Taa lazima iwe moja. Zikionekana mbili kando kwa kando, mtambo umehama. Zikiwa moja juu ya nyingine, umehama kwa wima. Utafokasi, ila macho yatachoka. Kisha jaribu karibu: pima mita moja kwa futi ya fundi, kutoka mahali filamu inapokaa hadi ukutani, fokasi, soma namba kwenye lenzi. Kamera nyingi hurekebishwa kwa skrubu moja au mbili, lakini fundi lazima awe anajua ipi ni ya mbali na ipi ni ya wima. Aliyeanza kuzungusha kwa kubahatisha nilimnyang'anya yangu mkononi.

SLR: fungua mgongo, gusa sponji nyeusi kwenye kingo. Ikishika kidole kama lami, imeoza. Mwanga utavuja, na iliyo mbele itanasa kioo. Kubadilisha ni kazi ya jioni moja. Kupima fokasi, laza rula mezani kwa mshazari, fokasi kwenye namba 15, tundu likiwa wazi kabisa, na uone kwenye picha kama 15 ndiyo kali. Ikiwa ni 13 au 17, kioo au skrini haijakaa sawa.

Kwa zote mbili, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Huku pwani kuvu ni jambo la kawaida: nyuzinyuzi kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo cha ndani. Kidogo hakionekani kwenye picha, ila kinakua. Ukishanunua, iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mfuko wa ngozi ni mzuri kwa picha ya dukani tu. Ngozi ndiyo shamba la kuvu.

Uliza betri. Canon AE-1 bila betri haipigi kabisa. Electro 35 bila betri inapiga kwa 1/500 tu, na ile ya zebaki iliyoundwa kwayo haiuzwi tena, utahitaji ya kisasa na kipande cha kujazia. K1000, OM-1 na FM2 zinapiga bila betri. Kinachokufa ni kipima mwanga.

Nina kamera ya dijitali isiyo na kioo. Haya yote yananihusu?

Kwa lenzi, ndiyo. Lenzi za Leica M zinakaa milimita 27.8 kutoka kwenye filamu na za Nikon F 46.5, huku mlango wa lenzi wa Sony E, wa kamera za dijitali zisizo na kioo, ukiwa 18 tu, hivyo zote zinaingia kwa adapta. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya M kwenye SLR haitafokasi mbali. Ile rangi inayometa ambayo kamera hizo huipaka kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi (focus peaking) inasaidia, lakini kwa lenzi pana inapaka kila kitu. Kuza taswira kwenye skrini badala yake.

Renjifainda inaweza kuungua juani kweli?

Zenye shata ya kitambaa, ndiyo: Leica, Zorki, FED. Lenzi ni kioo cha kukusanya jua, na hakuna kioo cha SLR cha kuzuia katikati. Ukiiacha mezani inatazama jua, pete ikiwa kwenye alama ya mbali na tundu wazi, inatoboa kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano, na kuanzia hapo kila picha ina doa jeupe mahali palepale. Canonet na Electro haziko hatarini hivyo, visu vya shata yao ni vya chuma.

Utasema basi nifunike lenzi. Sawa, lakini dirisha la renjifainda halijui kama lenzi imefunikwa, na utapiga roli nzima ya giza ukitabasamu. Nimeshafanya hivyo, kwenye boti ya kwenda Pemba, pomboo wakiwa pembeni. Siku hizi kifuniko kinabaki nyumbani. Nikitembea, tundu naliweka f/16, pete mita moja, na kamera naivaa lenzi ikitazama tumbo langu.